Je, mkono wa kulia ndio ulioamua upande wa kuanzia kuandika?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu wa Lamu alituachia barua za Kiswahili alizoziandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Sisi tuliosomea shuleni twaandika lugha hiyohiyo kutoka kushoto. Nimeambiwa kwamba watu waliandika kutoka kushoto ili mkono wa kulia usifute wino mbichi. Je, ni kweli?

JIBU: Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa babu yako, kama walivyo waandishi wengi wa Kiarabu na Kiebrania, yaelekea naye alishika kalamu kwa mkono wa kulia. Upande wa kuanzia hurithiwa pamoja na herufi zenyewe, na mara chache hubadilishwa njiani.

Herufi za babu yako na zako zina asili moja. Wafoinike, waliokaa pwani ya Lebanoni ya leo, waliandika kutoka kulia. Kupitia Waaramu, watu wa kale wa Siria, desturi hiyo iliwafikia Waarabu bila kubadilika. Wagiriki nao walizichukua herufi za Wafoinike yapata karne ya 8 KK, wakaanzia kulia vilevile, lakini wengi wao wakazoea kugeuza kila mstari, kama ng'ombe wa plau wafikapo mwisho wa shamba. Sheria za mji wa Gortyn, kisiwani Krete, zilichongwa hivyo katika karne ya 5 KK, na katika mistari inayorudi hata herufi zimegeuzwa uso. Baadaye Wagiriki walituama kwenye kushoto, na Warumi, ambao herufi zao zilitokana na za Kigiriki, wakaishia hukohuko.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu zaidi uko karibu nasi, Ethiopia: herufi za Kigeezi, lugha ya kale ya huko, zilitokana na zile za Arabia ya Kusini, zilizoandikwa hasa kutoka kulia, ila zenyewe huandikwa kutoka kushoto. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni desturi.

Kifaa cha kuandikia nacho huchangia. Wachina wa kale waliandika juu ya vipande vyembamba vya mianzi, ambavyo kwa wembamba wake vilifaa mstari mmoja wa kushuka, na mtindo huo ulidumu hata baada ya karatasi kupatikana.

Uzisomapo barua za babu, angalia tarehe: hata kwa tarakimu za Kiarabu, maelfu ya mwaka hukaa kushoto na mamoja kulia, kinyume cha mwendo wa maneno yanayoizunguka.