Mteja akiuliza "bei?" ndiyo kwanza tangazo linaanza

Mdogo wangu unayeingia kwenye kazi ya matangazo, mimi nilianza enzi za redio na mabango ya barabarani. Tukisharekodi tangazo la sekunde 30, likapigwa asubuhi watu wakiwa kwenye daladala, kazi yetu imekwisha. Duka limeuza au halijauza, hayo ya mwenye duka. Siku hizi tangazo likitoka mteja anajibu palepale, na mara nyingi anajibu neno moja tu: "Bei?"

Hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

Kuna mama anauza viatu vya watoto Kariakoo. Nilimtengenezea video, nikailipia siku tatu Instagram, mtu akibonyeza anaangukia WhatsApp ya duka. Usiku wa kwanza meseji zikamiminika. Kesho yake saa nne asubuhi napita dukani, nakuta simu iko kwenye chaji chini ya meza, meseji zaidi ya arobaini hazijafunguliwa. Mama alikuwa na wateja wa jumla tangu alfajiri. Tukakaa kuwajibu mmoja mmoja. Wengi walishanunua kwingine. "Mwanangu, umeniletea watu, hukuniuliza nani atawajibu," akaniambia. Kosa lilikuwa langu. Sasa hivi silipii tangazo kabla sijajua simu itashikwa na nani, saa ngapi, na majibu ya bei, saizi na usafiri yameshaandikwa tayari.

Siku ileile aliifungua video kwenye simu yake mwenyewe. Kioo kina ufa, mwanga ameupunguza ili chaji ikae. Maandishi niliyoyaremba kwenye kompyuta hayakusomeka kabisa. Tangu hapo kila kazi naitazama kwanza kwenye simu ya bei ndogo, nimesimama juani, sauti nimezima. Nisipoelewa kinachouzwa ndani ya sekunde tatu, narudi kuikata. Bando ni hela ya mtu, hatalimalizia kwenye madoido yako.

Na bei iandike. Najua wenye maduka wanaogopa washindani, ndiyo maana kila mahali ni "bei njoo DM". Lakini anayeuza jirani ataijua bei yako hata kwa kumtuma mtoto dukani. Anayefichwa hapo ni mnunuzi.

Jambo lingine linahusu simu zenyewe. Aprili 2021 Apple iliweka utaratibu wa iPhone kumuuliza mwenye simu kama anaruhusu programu imfuatilie anapotumia programu nyingine. Ufuatiliaji huo ndio unaosaidia kuchagua nani aonyeshwe tangazo gani. Wengi wakakataa. Mapema 2022 Meta, wenye Facebook na Instagram, wakasema jambo hilo lingewapunguzia mapato ya takriban dola bilioni 10 mwaka huo. Utaniambia wateja wetu wengi wanatumia Android. Kweli, ila usijenge biashara ya mtu juu ya kufuatilia watu kimyakimya, maana mlango huo wenye simu wanaweza kuufunga siku yoyote bila kukuuliza.

Jenga orodha ya wateja wa duka lenyewe, na uijenge kwa ruhusa yao. Mtu akilipa kwa simu, jina na namba yake vinabaki kwako, na kishawishi cha kuanza kumtumia matangazo ni kikubwa. Usifanye hivyo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata kama isingekuwepo, aliyelipia kiatu hajakuruhusu umwamshe usiku na ofa. Muulize tu: "Mzigo mpya ukija nikutumie picha?"

Mama wa Kariakoo anauliza hivyo kila siku. Ana daftari la mistari: jina, namba, saizi ya mtoto, mwezi. Aliyenunua saizi 24 Januari, ikifika Julai anatumiwa picha za saizi 26, bei imeandikwa juu.