Kabla ya kupanda chochote, pima maji

Wengi wanaoanza kazi ya kufufua vinamasi vya mboji (peat) huja na miche mkononi. Kinamasi kilichochimbwa mifereji kinachokosa ni maji, na maji yakirudi, mafunjo mara nyingi huota yenyewe. Kwa hiyo swali la "tupande nini" liache kwanza. Uliza maji yako chini kiasi gani na yanatorokea wapi.

Mboji ni mabaki ya mimea yaliyolala majini bila hewa, yakashindwa kuoza. Hujilimbikiza kwa takriban milimita moja tu kwa mwaka. Ukiikausha, hewa inaingia, vijidudu vinaitafuna, kaboni ya maelfu ya miaka inapanda angani na ardhi inazama. Kule Holme Fen, kinamasi cha mboji kilichokaushwa Uingereza, nguzo ya chuma ilizikwa mwaka 1851 ncha yake ikiwa sawa na uso wa ardhi. Leo ncha hiyo iko karibu mita 4 juu ya ardhi, na nguzo yenyewe haijasogea.

Vifaa ni vya kawaida: bomba la plastiki lililotobolewa matundu, futi na daftari. Simika mabomba ndani ya mboji kwa mstari kutoka ukingo wa mfereji kuelekea ndani, upime maji yako chini kiasi gani katika kila moja, uone jinsi maji yanavyoinamia mfereji. Usikose kupima kiangazi. Masika kila kinamasi kinapendeza.

Katika kuziba, epuka ukuta mmoja mkubwa mdomoni mwa mfereji. Mboji ni laini, maji yatauzunguka na kukata njia mpya. Jenga vizuizi vidogo vingi kwa ngazi, ukianzia juu, kila kimoja kikirudisha maji hadi kwenye mguu wa kile kilicho juu yake, na ncha zake zizame ndani ya kingo. Mwanzoni methani, gesi inayoongeza joto la dunia, inaweza kuongezeka. Iandike kwenye ripoti bila aibu, maana hasara ya kuacha mboji ikauke ni kubwa zaidi.

Kisa ninachowapa wanafunzi kila mara ni kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa Rwanda. Maji yake huingia Ziwa Burera, nalo huendesha mitambo ya Ntaruka yenye megawati 11.25. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziwa lilishuka na umeme ukaadimika. Ukame ulichangia, uendeshaji wa mitambo nao ulichangia (usimwamini anayekutajia sababu moja), lakini mifereji ya mashamba ilikuwa imekinyonya kinamasi. Serikali ikazuia kilimo ndani yake, na mwaka 2005 kikaingia kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Maji yakapanda.

Walioumia ni wakulima na wafugaji waliokuwa wakikitegemea. Hapo ndipo miradi mingi hukwama: kizuizi ambacho kijiji hakikukubali kitafumuliwa kiangazi kikifika. Zungumza nao kabla ya kupeleka mbao, na vibarua vya ujenzi wapewe wao. Waliochimba mifereji kwa majembe yao wanajua hata ile iliyofunikwa na nyasi, ambayo ramani yako haina.