Umehamia Dodoma? Usiipite meza ya mlenda

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umepokea watu wa kila mkoa, na kila mmoja kaja na mapishi ya kwao. Mchaga anatafuta ndizi, mtu wa Pwani anatafuta nazi, wa Mwanza anaulizia sangara. Hakuna ubaya. Kinachonisikitisha ni watu kuzunguka Soko la Majengo, au lile la Job Ndugai kule Nzuguni, miaka nenda rudi, wakitoka na mchele, nyanya na vitunguu tu, ilhali chakula cha hapa kimepangwa mezani wanakiona.

Ushauri wangu ni huu: kitu usichokijua, usikilipie kabla hujamuuliza anayekiuza yeye nyumbani kwake anakipikaje. Vyakula vingi vya huku vinasingiziwa ubaya kwa sababu tu vimepikwa kwa mtindo wa vyakula vingine.

Chukua mlenda. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, unaupata mbichi. Miezi mingine unauzwa uliokaushwa na kutwangwa, unga wa kijani kilichofifia unaopimwa kwa kikombe. Mgeni huupika kama mchicha: vitunguu vya kukaanga, mafuta mengi, mfuniko juu. Mama mmoja pale Majengo alinielekeza huku akiusugua unga kati ya vidole ili niuone ulivyo laini. "Maji yachemke kwanza, mwanangu. Weka nyanya, chumvi, magadi kidogo sana. Halafu unanyunyiza huku unakoroga, na sufuria usiifunike, itafurika." Karanga zilizosagwa unazikoroga pembeni na maji ya vuguvugu zisifanye madonge, kisha unazimimina na kupunguza moto. Mafuta ya kupikia hayahitajiki kabisa, karanga zinatosha. Na kabla ya kununua, nusa. Mlenda mzuri unanukia majani makavu. Ukisikia uvundo, haukukauka sawasawa, uache hapo hapo.

Mwenzake mlenda ni ugali wa uwele. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na mvua yenyewe si ya kutegemea, ndiyo maana uwele na mtama vimedumu huku: vinastahimili ukame pale mahindi yanaponyauka. Punje za uwele ni ndogo, za kijivujivu, tofauti na ulezi wa rangi ya kahawia tuliouzoea kwenye uji. Unga wake una mafuta mengi kuliko wa mahindi, kwa hiyo haukai sana kabla ya kuingia uchungu. Nunua punje, peleka mashineni kidogo kidogo. Kama hujawahi kuula, anza kwa kuuchanganya nusu kwa nusu na dona. Na tafadhali, usiuhukumu kwa kuulia nyama ya kukaanga. Ugali huu unataka mboga ya kuteleza.

Njugu mawe zinahitaji uvumilivu tu: ziloweke usiku kucha, zichemshe mpaka ziive kabisa, kisha zipike kama ungepika maharage. Ubuyu wengi tunaujua ule wa rangi na sukari wanaomung'unya watoto, lakini unga wake mweupe ni kiungo kizuri cha jikoni. Mimi huukoroga kwenye uji baada ya kuuepua, kwa kuwa moto hupunguza vitamini C, na ubuyu unayo kwa wingi.

Jambo moja nalikazia sana: usiende porini kujichumia majani kwa kufananisha tu. Nenda na mwenyeji anayeyajua, au nunua sokoni. Na nunua kipimo kidogo, kinachotosha mlo mmoja. Watoto nyumbani wasilazimishwe. Kijiko kimoja pembeni ya chakula wanachokipenda kinatosha kwa siku ya kwanza.

Zabibu za Dodoma kila mtu anazijua, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Majani ya mzabibu ndiyo hayatajwi, wakati Uturuki na Ugiriki watu huyafungia wali uliochanganywa na viungo. Ukiwa na jirani mwenye shamba, Hombolo au Makutupora, mwombe machanga, lakini kwanza muulize mara ya mwisho alipiga dawa lini, maana mizabibu hupigwa dawa za ukungu. Kama yapo ambayo hayakupigwa, chukua ya ukubwa wa kiganja, yaoshe, yachemshe dakika chache kwenye maji ya chumvi mpaka yalegee. Weka kijiko cha wali ulioiva nusu, kunja, panga kwenye sufuria mkunjo ukiangalia chini, kamulia ndimu, ongeza maji kidogo na upike kwa moto mdogo mpaka wali uive.