Barua kwa mwanangu: kabati la baba yako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, ila goti langu tu na hilo ulishalizoea. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikamwambia mdogo wako aurudie. Umeniuliza hivi: "Mama, nyumba imenielemea kwa vitu. Hili kabati la baba nilitoe au nilibakize? Mwenzangu anasema limekula nusu ya sebule." Nimeona nikujibu kwa karatasi, kwa sababu kwenye simu tukifika kwa baba yako mimi na wewe hatumalizi sentensi. Mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Kabla ya kabati, nikuulize mimi: mjukuu wangu anatembelea wapi?

Nilipokuja kwako Idd nilimwangalia. Mtoto anaanza kusimama, anataka kwenda. Anashika kochi, anaachia, anapiga hatua, anakutana na meza ya kioo. Anazunguka meza, anakutana na feni. Nyuma ya feni pana lile boksi la televisheni ambayo mlishaitoa zamani, boksi limebaki. Akirudi anakuta miguu ya dada yake. Mwisho akakaa chini kwenye kile kipande cha vigae mbele ya mlango, akalia, nanyi mkadhani ana usingizi. Usiku tulipokula, kila mtu alishika sahani yake mapajani, mkwe wangu kwenye kochi, wewe kwenye kistuli, binti yako chumbani na simu. Chakula kilikuwa kitamu, mwanangu, samaki wa nazi umemuweza kabisa. Lakini nilikula nikitazama visogo vya watu.

Nyumba ni sakafu. Hilo nimewaambia tangu mko wadogo na sitaacha kulisema. Nyumba yenye watu lazima iwe na mahali ambapo unaweza kutandaza mkeka mmoja, mkubwa wa kutosha wote mnaolala humo, bila kusogeza kitu chochote. Ukilazimika kwanza kuhamisha meza, hamtakaa, kwa sababu hakuna anayehamisha meza akiwa amechoka. Ukishapata hiyo sakafu, mengine yote ni mapambo na kila mtu ana mapambo yake.

Sasa, kabati. Wewe unalijua lilivyo leo. Mimi nalijua siku lilipoingia.

Hukuyaona maisha ya kabla yake. Baada ya Vita vya Kagera kwisha mwaka 1979 bidhaa zilipotea. Sabuni foleni, sukari foleni, khanga ukiisikia imefika unakwenda usiku kuweka jiwe kwenye mstari ili lishike nafasi yako. Baba yako alikuwa bandarini, anaona meli, lakini nyumbani tunanywea chai kwenye makopo. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na watu waliokuwa na katoni mbili tatu za sabuni chini ya kitanda walizitupa usiku mitaroni kwa hofu. Asubuhi ungeona mche wa sabuni umelala kwenye maji machafu na mtu mwenye watoto sita anaupita kama hauoni. Ndiyo maana watu wa umri wetu hatutupi kitu. Chupa, kopo, kipande cha kamba, tunaweka. Ukimkuta mzee amejaza stoo usimcheke, muulize alikuwa na miaka mingapi mwaka 1983.

Basi mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za nje, kisha akaja Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, na madukani vikombe vikaonekana tena. Baba yako alinunua seti ya chai yenye mstari wa dhahabu kabla hata hatujawa na mahali pa kuiweka. Ndipo akampa kazi fundi seremala. Mbao za mvule, vioo vya kuteleza juu, droo mbili chini, miguu ya kuchongwa. Fundi alichukua muda mrefu na baba yako kila akitoka kazini anapitia kulitazama, anapitisha kiganja kwenye ubao. Mimi siwezi kumsema mtu huyo kwamba alipenda makuu. Alikuwa amesimama kwenye foleni miaka mitano, alitaka kikombe kionekane.

Lilipoletwa likawekwa kwenye chumba cha mbele, kile tulichokifanya sebule, na makochi yakafuata. Ile nyumba unaikumbuka: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Chumba cha mbele kilikuwa ndipo tunapokaa. Kabati likachukua ukuta mzima, makochi yakachukua sakafu.

Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe, na bibi yako mzaa mama akaja kutoka Pangani kunilea arubaini. Alikuja na mkeka wake mkubwa wa ukindu, ule wa zambarau na kijani. Aliusuka mwenyewe. Nilimwona akiusuka nilipokuwa msichana: anachana ukindu kwa kucha ya kidole gumba, anautia rangi kwenye sufuria kuukuu, anasuka ukili mrefu, mwembamba, akishika simulizi hashiki tena hesabu na bado vidole havikosei. Ukili ukitosha ndipo anashona, upande kwa upande, mpaka mkeka unapanuka. Huo ndio mkeka alioutandika kwenye sebule yetu, kwenye nafasi iliyobaki kati ya kochi na kabati, ukingo mmoja umejikunja kwa kubanwa. Kila asubuhi alikuwa ananyoosha miguu hapo, anakulaza juu ya mapaja, anakukanda kwa mafuta ya nazi. Mtu akipita anavua viatu, anakaa. Baba yako mwenyewe alikuwa anakunywa chai pale chini, makochi anayatazama.

Siku moja wakaja wageni kukuona. Mkubwa mmoja wa kazini kwa baba yako, na mkewe, na mama yake mzee. Na siku hiyo alikuwepo kwetu jamaa mmoja wa upande wa baba yako, mtu mzima, sasa yuko mbele ya haki na simtaji. Mimi nilikuwa chumbani, bado sijatoka arubaini, mlango umefunguliwa kidogo. Nikasikia anamwambia mama yangu: "Mama, wageni hao wanafika. Hebu hamia uani na huo mkeka, unaharibu sebule."

Mama hakujibu kitu. Nilisikia mkeka unakunjwa. Ukindu una mlio wake. Nikamwona anapita mlangoni kwangu, mkeka kwapani, wewe begani, anaelekea uani.

Wageni wakaingia, wakakaa kwenye makochi, wakaletewa chai kwenye vile vikombe. Walikuja kumwona mtoto, na mtoto yuko uani. Wakasifu kabati. Wakanyamaza. Mpaka yule mama mzee akauliza, "Mtoto mwenyewe yuko wapi?" Wakamwambia analetwa. Hakungoja. Akanyanyuka na fimbo yake, akapita ukumbini, akamkuta mama amekaa karibu na jiko. Akavua viatu, akakaa mkekani, akakuchukua. Nilisikia wanavyocheka wale bibi wawili, wameulizana kwao, mmoja Pangani mwingine Bagamoyo, wakaingia kwenye habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Yule mama alikaa pale mpaka mwanawe akatuma mtu kumwita mara ya pili. Kila nikikumbuka kile kicheko nafurahi mpaka leo.

Lakini lile neno, "unaharibu sebule", nalo lipo mpaka leo.

Baba yako hakuwepo lilipotamkwa, alikuwa amekwenda kuwapokea wageni. Alipoambiwa usiku alifanya jambo ambalo wewe huna habari nalo. Alisukuma makochi yote ukutani peke yake, akatoa meza ya katikati akaitia stoo, akafagia, kisha akaenda kumwambia mama yangu, "Mama, nafasi ipo." Mama akamshukuru. Na hakutandika tena pale. Aliendelea kuja kwetu miaka yote, unamkumbuka mwenyewe, unamkumbukia wapi? Ukumbini na uani. Sebuleni humkumbuki, kwa sababu hakukaa.

Kwa hiyo ninaposema nyumba ni sakafu najua kuna mtu atanijibu: sakafu ilikuwepo, ilisafishwa siku ile ile, na bibi hakurudi. Ni kweli. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Wakati mwingine naona kabati lilikuwa na hatia, kwamba bila lile kabati asingepatikana mtu wa kuona mkeka ni uchafu. Halafu naona hapana, mbao hazisemi, aliyesema ni mtu. Halafu narudi tena: lakini mtu yule kabla ya kabati alikuwa anakaa kwenye mkeka huo huo, anakula. Sijafika mwisho wake. Nilichokishika ni kimoja tu: pasiwe na mtu anayeondolewa nyumbani kwenu kupisha kitu. Mzee asiondolewe, mtoto asiondolewe, hata msichana wako wa kazi asiambiwe akale jikoni kwa sababu ya kochi jipya. Kitu ndicho kipishe.

Sasa umesema vitu vimekuelemea, nikwambie haraka ninavyofanya mimi. Meza ya kioo itoke leo, hiyo haina mjadala, mtoto atajikata. Maboksi yote ya vitu ambavyo vimeshaharibika yatoke. Nguo zipitie kila inapokaribia Ramadhani, kama tulivyokuwa tukifanya: ambayo haijavaliwa tangu Ramadhani iliyopita, mpe mtu unayemjua kwa jina, siku hiyo hiyo. Usiijaze kwenye mfuko wa kugawa ukauweka nyuma ya mlango, maana mfuko huo utauona mwakani. Na utazame mlango kuliko makabati, vitu vinaingia kwa mlango. Unakumbuka ile mifuko ya plastiki tuliyokuwa tunaisokomeza nyuma ya jiko? Ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ile sehemu ikawa tupu yenyewe, bila mtu kupanga chochote. Punguza kinachoingia, nusu ya kazi imekwisha.

Asubuhi dirisha liwe wazi kabla ya televisheni kuwashwa. Alhamisi jioni choma udi kidogo, chetezo nilikupa. Na chakula cha usiku, hata kama ni wali na maharage, kiwe kwenye sinia moja, chini, simu zikae juu ya friji. Mkwe wangu anaweza kusema mgongo. Mpe mto aegemee ukuta. Binti yako atanuna siku mbili tatu, mwache anune akiwa amekaa nanyi.

Vile vikombe vya mstari wa dhahabu vitoe kabatini uvitumie. Najua nilikuwa nawakataza msiviguse, baba yako alikuwa hai na vilikuwa vyake. Sasa ni vyako. Kikivunjika kimoja, kimevunjika kikinywewa chai.

Kuhusu kabati lenyewe sitatoa hukumu. Ni urithi wako, mlikubaliana na ndugu zako, na nyumba ni yako na mumeo. Ningekuwa mimi ningepima kwanza ile sakafu, nione kama mkeka unaingia na kabati likiwemo, na kama hauingii... lakini nimesema sihukumu. Nitasema hili tu: usiliuze kwa hasira ya siku moja, na usilibakize kwa kumwogopa marehemu. Baba yako ndiye aliyesukuma makochi usiku ule.

Kama mtalitoa, kaka yako wa Muheza ana ukumbi mrefu na alishawahi kulitamani, muulize kabla ya mtu wa nje. Vioo vitolewe kwanza, vifungwe kwa mashuka, si magazeti. Libebwe limelala kwa mgongo, miguu yake haivumilii kuburutwa. Na droo ya chini ya kulia msiilazimishe kwa bisibisi. Ufunguo wake ninao mimi, nitampa mdogo wako akija huko mwisho wa mwezi. Ndani yake mna vyeti vyenu vya kliniki na karatasi za baba yako za bandarini, hizo usimpe mtu, ziweke mpaka nije.

Nibusie wajukuu. Mwambie mkwe wangu namsalimu sana.

Mama yako