Karatasi saba zilizobaki

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama jumuiya za mtandaoni zihifadhi mijadala yao ya barua pepe. Nasema zihifadhi, na nasema kwa uchungu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nikiwa masomoni ughaibuni, nilijiunga na kikundi cha barua pepe cha Waswahili waliotawanyika. Wiki nzima tulibishana juu ya neno moja: tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alilipasua neno tarakilishi mpaka akatuonyesha tarakimu iliyojificha ndani. Mwingine akajibu kwamba ngamizi linanuka maangamizi. Leo kompyuta imeshinda, lakini hoja za walioshindwa hazipatikani popote. Aliyetunza seva alihama, seva ikazimwa, na hakuna aliyekuwa na nakala. Mimi nimebaki na barua saba nilizokuwa nimezichapa.

Kule Kanada, Henry Spencer, mtaalamu wa kompyuta katika idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto, alianza mwaka 1981 kunakili mijadala ya Usenet, mtandao wa zamani wa vikundi vya majadiliano, kwenye kanda za sumaku. Baada ya miaka kumi zilikuwa kanda 141. Wakati ule ulikuwa mlundikano wa porojo tu. Mwaka 2001 Google iliuweka wazi, na ndipo watu wakausoma kama historia. Yahoo Groups, huduma ya vikundi vya barua pepe ya kampuni ya Yahoo, nayo ilitangaza Oktoba 2019 kwamba itafuta kumbukumbu za vikundi, kisha tarehe 15 Desemba 2020 ikafungwa kabisa. Wajitoleaji wa Archive Team, kundi linalonakili tovuti zinazokaribia kufungwa, waliokoa walichowahi. Kikundi kinachoiachia kampuni kumbukumbu zake hakijazitunza.

Hata hivyo, si kila kitu kiwekwe hadharani. Kwetu dada mmoja alieleza maradhi ya mumewe, na michango ya kusafirisha maiti ilipita na majina na namba za simu. Aliandika kwa ndugu, hakuwaandikia walimwengu. Hayo yaondolewe kwanza. Wanachama waarifiwe, wapewe miezi kadhaa ya kuomba barua zao zitolewe, kisha nakala ziwekwe mahali pawili, mojawapo maktaba ya chuo.

Kama kuna mwenzetu wa kikundi kile anayesoma hapa na bado ana diski ya zamani, amwandikie mhariri. Karatasi zangu saba nimeshazitia kwenye bahasha.