Usizioshe hizo negativi!

Dada wa Malindi, hiyo Jumamosi usioshe kitu. Umeandika kwamba negativi za marehemu bibi yako, zile filamu ambazo picha za karatasi hutolewa kutoka kwake, zimeota madoa meupe, na kwamba utaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha uzisome kwa skana ya shilingi elfu tisa uliyoonyeshwa dukani, ile nyembamba inayotumia waya wa USB peke yake, ambayo muuzaji amekuapia inasoma mpaka negativi. Ukauliza uweke dpi ngapi, yaani skana isome nukta ngapi kwa kila inchi. Mimi ni mtu wa Lamu, Langoni. Hayo unayotaka kuyafanya nimeyafanya yote, kwa mpango huohuo, kutoka dukani mpaka kwenye beseni, na mkono unanitetemeka ninapokuandikia.

Zangu zilikuwa za arusi ya mama, mwaka 1979. Nyeusi na nyeupe, filamu ya picha 36, imekatwa vipande sita vya picha sitasita. Aliyepiga ni khalati yangu, dada ya mama, kwa sababu kwenye kupamba bibi arusi haingii mwanamume. Ndiyo maana na mimi nilitaka mashine ya nyumbani. Picha za mama akiwa kichwa wazi na vikuba vya maua vimemjaa kifuani, siwezi kumpelekea kijana wa studio nisiyemjua akazikagua moja moja. Nadhani nawe hilo ndilo linalokusumbua. Picha zilizosafishwa zenyewe, yaani zile za karatasi, zilishapotea zamani, jamaa wameazimana mpaka hazikurudi. Zilibaki negativi tu, ndani ya bahasha, ndani ya kasha, kwenye chumba cha nyuma ambacho kuta zake za mawe hutoka jasho kila masika.

Nikavuka Mokowe, nikapanda basi mpaka Mombasa. Dukani nilimuuliza muuzaji mara mbili kama ile skana inasoma negativi, na mara ya pili niliitoa bahasha mkobani nikamwonyesha. Akaitazama, akasema ndiyo, weka tu juu ya kioo, programu itageuza rangi.

Nyumbani nikaweka kipande kwenye kioo, nikafunga mfuniko, nikangoja. Kikatoka kitu kama moshi wa jikoni. Nikapandisha dpi mpaka mwisho, moshi uleule, ila faili kubwa zaidi. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wanapotupata. Taa ya skana ya kawaida iko chini ya kioo. Inapiga karatasi, mwanga unarudi, mashine inasoma. Negativi haisomwi hivyo. Mwanga unatakiwa uipenye kutoka upande wa pili. Kwa hiyo skana ya negativi lazima iwe na taa nyingine ndani ya mfuniko. Ukifungua mfuniko ukakuta sponji nyeupe na plastiki tupu, hiyo ni skana ya karatasi na picha za kusafishwa, basi. Skana za Canon, CanoScan LiDE 300 na LiDE 400, ziko hivyo, na kwa karatasi na picha ni mashine nzuri kabisa. Epson Perfection V600 ina taa juu, na inakuja na vishikio vya filamu. Utofauti huo unaonekana kwa macho, dukani, kwa sekunde tano, na hakuna aliyeniambia.

Mimi sikujua. Nikampigia muuzaji. Hakuniambia rudisha mashine. Aliniambia negativi zangu ni chafu, ndiyo maana picha haitoki, nizioshe. Nikamuuliza, kwa maji? Akasema mbona hata zilipotengenezwa studio zilioshwa kwa maji. Na hilo ni kweli, ndiyo maana lilinishinda kulipinga. Filamu nzima, isiyo na ugonjwa, inavumilia maji. Lakini yale madoa meupe ni kuvu, dada. Picha kwenye negativi imeshikwa na tabaka jembamba la gelatini, na kuvu hula gelatini. Ikishaliwa inakuwa kitu kinachoyeyuka majini. Huwezi kuijua kwa kuitazama, inakaa palepale kama kawaida mpaka siku ilowane.

Nilijaza beseni la plastiki la buluu, nikapima joto la maji kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga, nikatia tone la sabuni. Vipande vinne vikaingia. Viwili vilibaki kwenye bahasha kwa sababu beseni lilikuwa dogo. Baada ya robo saa nikatoa cha kwanza. Nilikuwa nakijua kwa moyo: picha ya tatu ni mama amekaa kwenye kiti cha enzi, mikono juu ya magoti, hina mpaka viwikoni. Kwenye negativi hina huwa nyeupe na ngozi nyeusi, kwa hiyo mikono yake ilikuwa kama imevishwa lesi. Nikapitisha ncha ya kidole juu ya doa. Doa likatoka, nikafurahi. Nikapitisha tena, na mara hii kikatoka kitu laini, kikajikunja mbele ya kidole changu kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nikainua kipande dirishani. Pale alipokuwa mama palikuwa na plastiki tupu, nikauona ukuta wa jirani kupitia pale.

Vipande vitatu vilikuwa bado majini. Nilipovitoa, viwili vilikuwa vimeshikana, na kila kimoja kikaondoka na nusu ya mwenzake. Mama akasimama mlangoni. "Hini nini?" Nikamwambia nasafisha picha zako. Akainama akatazama beseni, akaniuliza mbona maji yana weusi.

Picha 24. Na asije mtu hapa akaniambia ningesoma maandishi ya kwenye boksi. Niliyasoma. Yalisema picha na nyaraka, negativi hazikutajwa kabisa. Lakini mtu anayeuza mashine hizo kila siku amekutazama machoni akakuambia ndiyo mara mbili, na unakaa mbali na mji, na umepoteza nauli na siku nzima njiani, utamwamini nani? Sikukosea kumwamini. Yeye ndiye aliyekosea kunijibu asichokijua, kisha akakosea tena, na mara ya pili ndiyo iliyonila. Fedha ya skana nimeshaisahau. Naitumia mpaka leo kwa vyeti na stakabadhi.

Miezi minane baadaye binamu yangu alipata hiyo V600. Nikampelekea vile vipande viwili vilivyobaki, madoa na yote, nimevipitishia brashi laini kavu tu. Zikatoka picha 12, safi, madoa yako pembeni kama vumbi. Sinia za pilau. Viatu vya wageni vimejaa kizingitini. Khalati zangu wanapiga vigelegele, midomo wazi. Mama yumo katika moja tu, kwa mgongo. Yaani negativi zilikuwa zinasomeka siku ileile niliyoziloweka. Ugonjwa haukuwa kwenye negativi, ulikuwa kwenye mashine isiyokuwa na taa juu.

Kwa hiyo: maji yasiiguse kabisa negativi yenye madoa. Si ya uvuguvugu, si ya chupa, si ya kitambaa kilichokamuliwa, wala pumzi ya mdomoni ili kuifuta. Skana ikikutolea giza, ilaumu skana. Mtu akikuambia uoshe, muulize yeye ameshaosha ngapi zenye kuvu na aonyeshe.

Badala ya beseni, tafuta kopo au boksi la plastiki linaloziba sawasawa, utie vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu na mikoba mipya, na uweke negativi humo ndani ya bahasha za karatasi. Zenye madoa zitenge na zilizo safi. Kuvu isipopata unyevu inasimama ilipofika, na kwa hewa yetu ya pwani hilo ndilo la kwanza, kabla ya skana yoyote. Brashi iwe kavu na laini kama ya kupakia poda, upite upande mmoja bila kukandamiza, na ufanyie uani, usiivute ile kuvu puani.

Ukitaka kuona kilichomo leo hii bila kununua chochote, chukua tableti au simu kubwa, weka ukurasa mweupe mtupu, mwanga mpaka juu kabisa. Inua negativi sentimita tatu au nne juu ya kioo chake, la sivyo utapiga picha ya vinukta vya skrini. Zima taa za chumba, piga kwa simu nyingine kutoka juu, kisha ugeuze rangi kwenye programu ya kuhariri. Haitakuwa ya kuchapa kubwa, lakini utamwona bibi yako, na utajua kama inafaa kutafuta skana ya kweli.

Dpi: kwa picha ya kusafishwa ya sentimita 10 kwa 15, 600 inatosha, unapata kama pikseli 2400 kwa 3600. Kwa negativi ya kawaida, ambayo picha yake ni milimita 24 kwa 36, weka 2400, ni zaidi ya pikseli milioni saba. Usilipie namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Na wakikuambia skana ina infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya kufuta vumbi na madoa, jua kwamba haifai kwa filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe. Madini ya fedha yaliyomo kwenye picha yanazuia infraredi, na mashine inaiona picha yenyewe kuwa ni uchafu.

Ile ya elfu tisa, rudi dukani umwambie muuzaji afungue mfuniko akuonyeshe taa. Usimuulize swali jingine.

Na tafadhali, dada, kabla ya Jumamosi andika hapa neno moja tu, kwamba bado ni kavu. Nitakuwa naangalia.