Trauti Lindi hakuna, ila bwawa la kuendea kwa miguu lipo

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama mabwawa ya ndani huku Lindi na Mtwara yana trauti. Pili, kama mtu anaweza kubeba begi, akakata pori nusu siku na kwenda kuvua kwenye bwawa lisilo na watu, kama wale jamaa wa Marekani unaowaangalia kwenye video. La kwanza, hakuna. La pili linawezekana, na kwa maoni yangu huku kwetu ni tamu zaidi, ila maandalizi yake hayafanani hata kidogo na ya kwao.

Trauti tumalizane naye haraka. Huyu ni samaki wa maji ya baridi yenye hewa nyingi. Maji yakizidi nyuzi 20 anaanza kuhangaika, yakikaribia 25 anakufa. Ndiyo maana wakoloni walipomleta Afrika Mashariki walimpandikiza kwenye mito ya milimani: Mlima Kenya na Aberdare, na kwa upande wetu Kilimanjaro, Usambara na huko Mbeya. Wale unaowaona kwenye mabwawa ya majimbo ya Maine na New York, baadhi yao hata hawakuzaliwa pale. Idara zao za uvuvi hubeba vifaranga kwa ndege ndogo na kuvimwaga bwawani kutoka angani, kwa sababu barabara haifiki. Mabwawa yenyewe huganda barafu kila mwaka. Sasa linganisha na bwawa la Lindi mwezi wa kumi na moja, unaingiza kidole unadhani mtu amechemsha maji ya kuoga.

Najua utaniambia Newala kuna baridi. Ipo kweli, kusi likivuma pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, unatafuta sweta. Lakini Uwanda wa Makonde ni mchanga, mvua ikinyesha inazama yote, juu hakuna mto wala bwawa la maana. Bibi zetu walikuwa wanateremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Kwa hiyo kusini kwenye baridi hakuna maji, na kwenye maji hakuna baridi. Habari ya trauti inaishia hapo.

Tuje kwenye raha yenyewe. Kama uko Lindi mjini, anza na upande wa Rutamba. Kuna Ziwa Rutamba, ramani za zamani zimeliandika Lutamba, na upande wa pili wa msitu wa hifadhi wa Litipo kuna ziwa dogo linaitwa Tandangongoro. Zaidi ya hayo kuna mabwawa yasiyo na jina kwenye ramani, yanayojaa masika na kunywea kiangazi. Hayo ndiyo ya kutembea kwa miguu. Lile ninaloenda mimi sitalitaja hapa, mnisamehe. Nimeona sehemu ikishatajwa mtandaoni mwaka unaofuata watu wanakuja na kokoro, ule wavu wa kukokota.

Usiende bila mwenyeji. Sisemi hivyo kwa ajili ya kupotea njia, njia utaiona, ni ya baiskeli na wachoma mkaa. Mwenyeji ndiye anayejua maji yana nini mwaka huu. Fika kijijini, onana na mwenyekiti, eleza umekuja kufanya nini, atakupa mtu. Kama njia inapita ndani ya msitu wa hifadhi, malizana na TFS, wakala wa serikali wa misitu, kabla, na leseni ya uvuvi ulizia kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Sheria ya Uvuvi ya 2003 haikusahau wenye fimbo moja. Mkononi beba sukari na chumvi, hiyo ni heshima kuliko noti. Mzee anayenipeleka nilimuuliza siku ya kwanza, "Babu, humu mamba wapo?" Akatazama maji kidogo, akasema, "Mamba hana kijiji, mjukuu wangu. Leo hayupo." Tangu hapo sijaweka mguu kwenye maji ya kusini, na wewe usiweke. Hata mamba asipokuwepo, kuna konokono wa kichocho, na maji yaliyotulia yenye majani ndiyo nyumbani kwao. Ukinasa kwenye gogo, kata mshipi.

Wakati mzuri ni kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi. Masika udongo mweusi wa mabondeni unakuvua viatu, na samaki wametawanyika kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Kiangazi bwawa linajikusanya, na samaki vilevile. Ubaya wa kiangazi ni upupu. Maganda yanakuwa yamekauka njiani, ukiyagusa tu, au upepo ukikurushia vinyweleo vyake, utajikuna hadi ulie. Vaa mikono mirefu, suruali ichomekwe kwenye soksi, na ukipatwa usikimbilie kujikuna. Wenyeji hupaka majivu au matope, yakikauka wanayapukuta. Ondoka kijijini kukishapambazuka. Kuna tembo siku hizi wanaoshuka mashambani, na hakuna sababu ya kupishana nao gizani.

Vifaa usijisumbue. Fimbo ya kisasa yenye gurudumu nzuri kwa baharini, lakini kwenye bwawa lenye matete utashinda unanasua. Mwanzi mkavu mwepesi, mshipi mwembamba urefu sawa na mwanzi, ndoano ndogo, chubwi ya kuzamisha ndoano kiasi cha punje ya mbaazi, na chelezo cha kuelea juu cha kipande cha kandambili. Chambo cha perege ni ugali wa muhogo. Wa mahindi unamumunyuka haraka, wa muhogo ukiukanda vizuri unang'ang'ania ndoano. Kabla ya kutega rusha pumba kiganja kimoja, kaa kimya, na kaa mbali na ukingo. Perege anaona kivuli chako kabla wewe hujamuona.

Sasa hapa ndipo wageni wanapokosa samaki. Perege hazamishi chelezo. Anakionja chambo, chelezo kinatikisika kidogo, kinatulia, kinatikisika tena. Ukivuta hapo unatoa ndoano tupu. Subiri. Akishakikubali, chelezo kinalala ubavu na kuanza kutembea pembeni taratibu, kama mtu anayeondoka msibani bila kuaga. Hapo inua mkono kidogo tu, usipige kwa nguvu, mdomo wake ni laini unachanika. Ukiangalia maji ya kina kifupi asubuhi jua likiwa limesimama kidogo, utaona vishimo vya duara chini kwenye mchanga. Hivyo ni viota vya madume. Mimi nategea nje ya vishimo, si ndani yake. Jike wa perege hulea mayai na vichanga mdomoni, na akiwa amebeba huwa hali chakula, kwa hiyo msimu huo utapata madume tu na utadhani bwawa limeisha. Halijaisha. Hamia kwa kambale.

Kambale ni wa jioni. Chambo chake minyoo au utumbo wa perege uliyempasua, ndoano kubwa, chambo kilale chini kabisa. Huyu hana adabu ya kuonja, anameza na kuondoka, mwanzi usipoushika unakwenda nao. Akishatua nchi kavu mkanyage kwa kiatu nyuma ya kichwa kabla ya kumshika, maana ile miiba ya mapezi ya pembeni inachoma na kidonda chake kinasumbua. Na usimwache ukingoni ukidhani atakufa upesi. Ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, usiku wenye umande anatambaa na kurudi majini huku wewe unaota mchuzi.

Mchangiaji mmoja kwenye mjadala huu amependekeza tupandikize samaki wa kigeni kwenye mabwawa haya ili tuwe na "utalii wa uvuvi". Ndugu, hilo tusilicheze. Sato wa Mto Nile, ndugu wa kigeni wa perege, tayari aliletwa Rutamba, na watafiti wamekuta amezaana na perege wa asili wa pale, jamii ya perege wa Korogwe. Mchanganyiko ukishaingia hautolewi. Hata ukiwa na ndoo ya samaki hai wa bwawa moja usimwage bwawa jingine kwa huruma. Na ukimkuta mtu anatwanga utupa amwage majini, mwambie mwenyekiti, maana sumu ile haichagui mkubwa na kichanga, na sheria inaikataza.

Kuhusu kulala: usilale bwawani. Kwenye video wanapiga hema ukingoni na kukoka moto, lakini kwao hakuna kiboko anayetoka usiku kula nyasi kwenye njia ileile uliyopiga hema. Rudi kijijini, utapewa mkeka barazani. Samaki pasua, paka chumvi, wabanike palepale kabla ya kuondoka, moto mdogo wa kuni kavu, halafu hakikisha umeuzima kwa mchanga kwani pori la mwezi wa nane linasubiri kisingizio tu. Waliobanikwa vizuri wanavumilia safari hadi Mtwara. Wabichi watie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, maana maji ya kambale yakimwagika ndani ya Noah, konda atakushusha popote mtakapokuwa mmefika.